Nitembee Niende Wapi?

Mama alikataa kutembea. Naanza na hilo kwa sababu mwaka ule nyumbani kwetu hapakuwa na habari nyingine. Kiharusi kilikuwa kimempiga wakati wa mvua, akiwa jikoni anachambua mboga ya lengalenga, kikachukua upande wake wa kushoto: mkono, mguu, na pembe ya mdomo. Mkono ulirudi. Mdomo ulibaki umevutika kidogo. Mguu, kwa maneno ya dada wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akija kumtazama nyumbani, ulikuwa bado mzima ndani yake, ila ulikuwa umesahau kazi.

"Akitembea kila siku, atatembea," alituambia mlangoni huku akivaa viatu. "Akikaa, atakaa."

Basi mama akakaa. Alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki cha buluu, fimbo imeegemezwa ukutani, akitazama barabara yetu ya Cibitoke, hapa Bujumbura, na mawe yake. Na huyu ndiye mwanamke aliyetulea kwa kuzungusha ndagala, dagaa wa ziwani, mtaa kwa mtaa, beseni kichwani, akipiga kelele za bei mpaka watu wakajua saa kwa sauti yake. Sikuelewa. Nami nisipoelewa kitu silali vizuri. Nafundisha kemia sekondari, lakini ugonjwa wa kuuliza nilikuwa nao kabla ya kemia. Mama husema neno langu la kwanza halikuwa "mama", lilikuwa "kwa nini", na husema hivyo kwa kulalamika.

"Mama, kwa nini hutaki?"

"Sitaki tu."

"Unaumwa?"

"Apana."

"Unaogopa kuanguka?"

"We! Nenda uulize wanafunzi yako."

Kaka yangu mkubwa, mfanyabiashara anayekaa Kibenga karibu na ziwa, hakuwa na muda wa maswali. Yeye ni mtu wa kutafuta dawa ya tatizo. Alikuja Jumapili moja, akamtazama mama kwenye kile kiti, akanivuta pembeni. "Punda haendi bila kigongo," akasema. Nikamwambia mama si punda. Akafikiri kidogo, akasema, haya, kama si kigongo, basi asali.

Asali yenyewe ilikuwa kitenge. Si kitenge cha kubahatisha, ni kile kizito, kinachong'aa, chenye ndege wakubwa wa kijani, ambacho mwanamke akikivaa harusini wenzake hujifanya hawajakiona. Kaka alikitundika kwenye msumari sebuleni, mahali ambapo mama angekiona kila alipogeuza kichwa, akatangaza sharti: aende dukani kwenye kona na kurudi, kila siku, wiki nzima, kitenge kitakuwa chake.

Mama akatembea! Jamani, nilifurahi. Alikamata fimbo, akakaza uso, akaenda dukani bila kumsalimia mtu na akarudi bila kumsalimia mtu, kama mtu aliyetumwa na mtu asiyempenda. Hivyo hivyo kila siku. Wiki ilipoisha, kitenge kilishushwa, fundi cherehani akaitwa nyumbani, vipimo vikachukuliwa, na gauni likampendeza kweli. Siku iliyofuata nilimkuta barazani kwenye kiti cha buluu, amevaa ndege wake wa kijani, amekaa.

"Na leo, mama?"

"Leo nini?"

"Hutembei?"

"Kitenge si nimekwisha pata?"

Nilicheka, nikadhani ni utani wake. Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua. Kabla ya kitenge, mama alikuwa akijikokota mara mojamoja hadi jikoni kuonja mchuzi wetu na kuutukana. Baada ya kitenge aliacha hata hilo. Tukimwita aje aonje, alijibu kutoka barazani, "Nikikuja, munanipa nini?" Alisema kwa kucheka, ndiyo, lakini hakuja. Nilijiuliza: zawadi ile ilikuwa imempa kutembea, au ilikuwa imemnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa nacho?

Tangu hapo nikaanza kuchunguza watu, mpaka nikawa kero. Nilitazama wanafunzi wangu. Nikiwaeleza kitu kizuri, kwa mfano kwa nini tunda la avoka likikatwa linageuka jeusi, mkono wa kwanza unaoinuka huuliza, "Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?" Nikisema haitatoka, kalamu zinalala. Watoto hao hao wanajua kwa moyo nyimbo ndefu ajabu, zenye maneno ya lugha ambazo hawazisemi, na hakuna aliyewapa pointi hata moja.

Nilimtazama pia jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwenye mikono mipana na uvumilivu mdogo. Jumamosi asubuhi mtaa mzima hutoka kwa kazi za pamoja: kuzibua mifereji, kufyeka majani, kufagia. Jirani hutoka na jembe lake kama wote, halafu huliegemea. Huliegemea kwa ustadi, huwezi kumwambia hafanyi kazi wala huwezi kuonyesha alichofanya, na kila baada ya kitambo anatazama saa. Kesho yake, Jumapili, kabla jua halijachomoza vizuri, mtu huyo huyo yuko mbele ya klabu yao ya mbio, jezi ya njano imelowa jasho, filimbi mdomoni, anakimbia kupanda mwinuko wa Kigobe na kurudi.

Mgeni akilala Bujumbura kwa mara ya kwanza, hizo klabu zitamwamsha. Atadhani ni harusi au ni vita. Ni watu tu: mafundi, makarani, wauzaji wa sokoni, wanafunzi, wamama wenye miili yao, wote jezi rangi moja, wanakimbia katikati ya barabara huku wanaimba. Mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia, na miguu inaanguka juu ya wimbo. Hawashindani na mtu. Hakuna anayewalipa. Wanajinunulia jezi wenyewe.

Nilimngoja jirani getini nikamuuliza. "Jirani, jana jembe lilikuwa zito kwako, leo umepanda Kigobe unaimba. Imekuwaje?"

Alijifuta uso kwa jezi, akacheka. "Mwalimu, jana waliniita. Leo nimekuja."

Hiari yashinda utumwa, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimeufundisha msemo huo kwa watu wengine miaka mingi bila kufikiria kiti cha buluu cha barazani kwetu. Lakini nilikuwa bado sijui niufanyie nini. Huwezi kumwambia mtu, "Penda!"

Wakati nafikiria, kaka akaunda komite.

Anayetufahamu sisi watu wa huku hatashangaa. Wakikutana watu watatu wakakubaliana jambo, hata kama ni kuchimba choo, la kwanza ni komite. Kaka alikuwa prezida. Mke wake, mweka hazina. Mimi, katibu. Mama akauliza cheo chake ni kipi, akaambiwa yeye ni mwanachama. Na kwa kuwa asali haikufaa, prezida alirudi kwenye kigongo, lakini kigongo cha heshima: amande, yaani faini. Siku ambayo mama hatatembea hadi dukani, atanunulia nyumba kreti ya fanta, kwa pesa ya chumba chake kidogo anachopangisha uani.

Mama alisikiliza yote mikono imekunjwa.

"Kreti muzima?"

"Nzima, mama."

"Ya baridi?"

"Mama, hiyo si hoja."

"Bon, sawa," akasema mama.

Kesho yake nilirudi kutoka shuleni nikakuta baraza imejaa. Wajukuu wote wapo, na watoto wa jirani, na mwenye duka mwenyewe amekuja kufungua chupa, na katikati mama, kwenye kiti chake, anagawa fanta kwa kuelekeza fimbo. "Huyu bado! Yule pale bado! Kunyweni, ni amande yangu!" Aliponiona hakugeuza macho. Zamani, siku ambazo hakutembea, nikirudi alikuwa akitazama pembeni, kidogo tu, nami nilijua anaona haya. Siku hiyo hapakuwa na haya yoyote. Alinipa chupa. "Kunywa, katibu. Mi nimekwisha lipa."

Nikasimama na ile chupa mkononi nikielewa kilichotokea. Tulikuwa tumemuuzia ruhusa ya kukaa, na mama, mfanyabiashara wa ndagala, aliona bei ni nzuri.

Mambo yakaharibika haraka. Wajukuu walianza kuomba Mungu bibi asitembee. Jioni moja aliinuka kwenda msalani, yule mdogo kuliko wote akaangua kilio, akidhani fanta imekwisha. Mweka hazina akasema mumewe amekuwa mjinga. Prezida akasema katibu hakusimamia vizuri. Komite ikavunjika bila hata kikao cha kuivunja, na hilo huku kwetu ni jambo la nadra sana.

Kisha dada wa mazoezi akarudi. Aliinama mbele ya kiti cha buluu, akaushika mguu wa kushoto wa mama kwenye kigimbi, akaubonyeza, akaushika wa kulia, akarudi tena kwenye wa kushoto. Mlangoni ndipo aliponiambia kwamba nyama ya mguu inaondoka. Mvua ijayo ikimkuta bado amekaa, alisema, tutafute kigari cha magurudumu, maana huo mguu hautarudi.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kama mtoto. Na mimi nikiogopa nakuwa mkali. Nilirudi barazani nikasimama mbele ya mama nikapaza sauti, majirani wakasikia.

"Unataka tukubebe? Ee? Unataka tukuogeshe, tukugeuze kitandani? Kutembea tu, mama! Hatukuombi kuruka!"

Mama alinitazama. Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi.

"Sasa mi nitembee niende wapi?"

"Popote! Dukani!"

"Dukani munaenda ninyi."

"Kanisani, basi."

"Kanisani walinipa kiti. Cha mbele. Kiko na muto."

Alilitaja lile godoro dogo la kiti kama mtu anayetaja kofi alilopigwa hadharani. Nikakaa chini kwenye ngazi ya baraza.

Lazima nieleze. Mama ndiye aliyekuwa akitoa nyimbo kwenye kwaya ya wamama. Si kwamba sauti yake ilikuwa tamu kuliko zote. Ilikuwa ni ya kuongoza, sauti iliyozoea kuita wanunuzi kutoka upande wa pili wa barabara. Alipougua, wamama wale walikuja wote. Walisali, walilia, walileta maji ya matunda, wakamwambia, "Mama, sasa pumzika." Mwingine akashika nyimbo. Alipoweza kufika kanisani mara ya kwanza walimwandalia kiti chenye mto, mbele kabisa, mbali na kwaya. Hakurudi tena, na sisi tukadhani ni mguu.

Nilizungusha macho pale nyumbani. Sufuria: alikuwa nayo dada wa kazi, tulimwambia mama apumzike. Beseni la ndagala: tulimpa mwanamke wa nyumba ya nyuma, mama apumzike. Kila mtu aliyempenda alimwondolea kitu kimoja kwa mkono wa upole, mpaka akabaki na kiti. Kisha tukashangaa kwa nini haendi mahali. Nilikuwa nimemuuliza mama kwa nini hatembei, mara nyingi kuliko mwalimu yeyote alivyowahi kumuuliza mwanafunzi, na sikuwahi kujiuliza huko mwisho wa safari kuna nini.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilifanya jambo la busara. Sikufanya lolote. Sikujua la kufanya. Kilichotokea kilitokea kwa sababu klabu ya njano ilipoteza mtoa nyimbo wake.

Kijana wao aliyekuwa akiimba alipata kazi Gitega, akahama. Jirani yetu mchomeleaji, kwa kuwa ndiye mwenye filimbi, akachukua na nyimbo. Ee Mungu wangu. Ni fundi mzuri sana yule, geti letu ni kazi yake, lakini yeye na wimbo hawajawahi kujuana. Jumapili ya kwanza walipopita, mama alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini.

"Yezu! Huyu mutu anaua wimbo!"

"Mama, wanakimbia tu."

"Sikia miguu! Sikia!"

Nikasikiliza. Kweli, miguu iliyokuwa ikianguka kwa pamoja sasa ilikuwa inamwagika ovyo, kama viazi vilivyotoka kwenye gunia. Mama akanieleza, na alieleza kwa hasira, kama vile mimi ndiye niliyeimba. Mwenye kutoa wimbo akiimba, wengine wanapumua. Wengine wakiitikia, yeye anapumua. Huyu anaingia kabla wenzake hawajamaliza, kwa hiyo hakuna anayepumua. "Anawakata pumzi! Wataanguka huko Kigobe!"

Jumapili iliyofuata alikuwa barazani kabla yao, kilemba amekifunga vizuri. Walipopita alianza kugonga sakafu kwa fimbo, akiwapa mapigo ya kweli. Hawakumsikia. Alibaki akitikisa kichwa hadi saa ya chakula.

Jumapili ya baada ya hapo nilikuwa sebuleni na kikombe changu nilipoona kupitia dirishani kwamba kiti cha buluu hakina mtu. Nikadhani ameanguka. Hakuwa ameanguka. Alikuwa kwenye ngazi ya baraza, mkono mmoja ukutani, anatanguliza mguu mbaya, anangoja, anauleta mzuri. Nilitaka kukimbia kumshika. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ule udadisi wangu, kwa mara ya kwanza ukiwa na faida. Nilishika mbao za dirisha kwa mikono miwili, nikatazama. Alivuka uwanja. Alifika getini. Nyimbo zilikuwa zinakaribia, za ovyo vilevile. Klabu ilipofika mbele ya nyumba yetu, mama aliinua fimbo akalipiga lile geti la chuma, na mtaa mzima ukasikia.

Wote wakasimama.

"Nani aliwafundisha wimbo hivi?"

Jirani akatoa filimbi mdomoni. "Ni mimi, mama."

"Unaimba kama mutu anakimbizwa na nyuki."

Watu wakacheka, wengine wakiwa wameshika magoti kwa kuchoka. Sasa, nilimngoja jirani aseme kile ambacho kila mtu alikuwa akimwambia mama tangu augue. Nilimngoja aseme pole, nenda upumzike. Hakusema. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, miguu inamuuma, wenzake wamemlalamikia wiki nzima. Alisema kwa uchovu, tena bila adabu sana, "Basi mama, tuonyeshe wewe."

Mama akafungua mdomo. Sauti ikatoka imepinda, kwa sababu mdomo ulikuwa umepinda. Neno la kwanza likateleza pembeni. Alijishika shavu. Niliona mgongo wake unarudi nyuma, na nikajua anataka kurudi kitini. Lakini alikuwa amekwisha uliza, "Nani amechoka?" na mtu fulani kule nyuma, mwanamke mnene ambaye hakuweza hata kumwona, akajibu kwa sababu ilikuwa zamu ya kujibu: "Si sisi!"

Mtu akikuitikia, huwezi kunyamaza.

"Nani atarudi nyuma?"

"Si sisi!"

Ikaja ile sauti ya ndagala. Ilitoka kwa upande mmoja wa mdomo lakini ilitoka. Wakaimba pale getini, wanarukaruka pale pale, miguu ikaanza kukutana tena. Halafu jirani akasema, "Mama, ni vizuri. Lakini sisi tunaenda, na wimbo unabaki hapa."

Mama akatazama barabara. Akatoka nje ya geti.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo najiuliza kwa nini hakuna daktari wala prezida wa komite aliyelifikiria. Miguu inaanguka juu ya wimbo. Kwa hiyo mwenye wimbo ndiye mwenye mwendo. Mama alitembea kwa mwendo wa mguu wake mbaya, akaimba kwa mwendo huo huo, na klabu nzima, wanaume wenye mapaja kama mihimili, vijana wanaopanda Kigobe bila kuhema, ikatembea polepole nyuma ya fimbo yake kama watu wa maandamano ya kanisa. Hawakuwa wanamngoja. Walikuwa wanamfuata. Alifika geti la jirani, akakaa kwenye ngazi, jezi za njano zikampita moja moja, na yeye akawapungia mkono. "Haya, kimbieni sasa! Na muachie watu nafasi ya kupumua!"

Nilitoka mbio na kandambili zake, maana alikuwa ametoka pekupeku. Alikuwa ametota jasho. Alinitazama kama aliyenifuma nikiiba sukari. "Ulikuwa dirishani muda wote?"

"Ndiyo."

"Na haukukuja kunishika?"

"Apana."

"Aksanti," akasema mama.

Wiki zilizofuata alianza kutoka asubuhi siku za kawaida, kabla sijaenda shuleni. Alikuwa anapima. Alitaka kuitoa klabu getini mpaka njia panda bila pumzi kumwishia katikati ya wimbo, na pumzi ilikuwa inamwishia kwenye nyumba yenye ukuta wa pinki. Kisha ikawa inamwishia kwa kinyozi. Kisha kupita kinyozi kidogo. Alirudi amechafuka vumbi, anagombana na mtu asiyekuwapo kuhusu ubeti wa pili. Siku moja alipita moja kwa moja jikoni, akachukua mwiko mkononi mwa dada wa kazi, akaonja, akasema ndiyo maana nchi haiendelei, na sufuria ikawa yake tena.

Niliuma ulimi muda mrefu. Niliogopa kwamba nikimuuliza, kitu kile kitashtuka na kukimbia. Lakini mimi ni mimi.

"Mama, siku hizi unatembea. Imekuwaje?"

Alinigeukia kwa mshangao wa kweli.

"Kutembea gani? Mi naimba."

Kaka akapata habari huko Kibenga, akaja na kombe. La chuma linalong'aa, lina mikono miwili, wanalopewa washindi wa mpira. Alitaka kuita familia, kufufua komite, kumkabidhi mama mbele ya watu. Nilimzibia njia getini.

"Kaka, nakuomba, nakusihi. Ukimpa hilo atakaa nalo kama alivyokaa na kitenge."

"We na kemia yako! Mtu anapongezwa, ni kosa?"

"Mpongeze kwa mdomo."

"Munaleta nini?" mama akauliza kutoka ndani, akatokea. Aliliona kombe. Mama akalipokea, akaligeuza, akalipiga kwa ukucha, likalia. "Muzuri," akasema. "Itafaa kutia chumvi." Akaingia nalo jikoni. Liko pale hadi leo, juu ya rafu, na chumvi ndani.

Dada wa mazoezi alipokuja tena, aliubonyeza mguu mara nyingi. Akaniuliza ni mazoezi gani tunamfanyisha. Nikasema, "Anaimba." Alinitazama vibaya, akidhani namfanyia mzaha. Lakini habari ya kigari hakuitaja tena.

Mvua zilikuwa karibu. Mawingu yalikuwa yamekwisha anza kukaa juu ya milima ya Congo, ng'ambo ya ziwa, siku jirani yetu aliponikuta getini na kikombe changu. "Mwalimu, wewe kila Jumapili unatutazama dirishani na maswali yako. Njoo ukimbie, upate jibu."

Mama akacheka mno, na kicheko hicho ndicho kilichonitoa.

Alitutoa getini mpaka njia panda, tumejipanga nyuma yake kwa safu, nami katikati ya jezi za njano na fulana yangu ya kulalia. Nilikuwa sijawahi kuwa ndani ya wimbo ule. Nilikuwa nausikia tu. Njia panda akasimama, akatuachilia, tukakimbia. Mwinuko wa Kigobe sitausimulia. Niliona kila sababu ya kukaa chini, na sijui ni nini kilichonipeleka, isipokuwa kwamba kila sauti iliyouliza ilikuwa inangoja na mimi nijibu. Wakati wa kurudi nilikuwa wa mwisho kabisa, mkono kiunoni, mdomo wazi.

Mama alikuwa bado njia panda. Hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama katikati ya barabara kwa miguu yake miwili, fimbo ameibana kwapani ili apate mikono ya kupiga makofi.

"Nani amechoka?"

"Si sisi!" wakajibu wote.

Mimi nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Naye aliniona, kupita vichwa vyote vile aliniona.

"Kuna mumoja hakujibu!" akapaza sauti. "Amande! Kreti ya fanta! Tena ya baridi!"

Klabu nzima ikalipuka kwa kicheko. Mama akageuka kuelekea nyumbani, akachukua wimbo, wakamfuata, na jezi za njano zikaanza kuniacha. Nilikuwa nimeegemea ukuta pale njia panda, nimeshika ubavu.

"Mama," nikaita, "ningoje!"

Hakuningoja.